Jinsi ya Kuupita Mwaka 250 Bila Cheti

Mwongozo huu ni wa Mkristo wa zama za Kaisari Decius, akae Karthago, Aleksandria, Roma au kijiji chochote cha Fayum huko Misri. Msomaji wa Morogoro au Kisumu anayeufungua leo hajakatazwa kuutumia. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: moyo, miguu yenye nguvu na jirani mmoja mwema. Fedha ziache nyumbani. Sababu utaiona mbele.

Anza kwa kulisikiliza tangazo vizuri. Decius alitwaa utawala mwaka 249, wakati Wagothi wanasumbua mipaka ya kaskazini na majenerali wanapinduana, akaamini kwamba dola itapona watu wote wakirudi kwa miungu ya mababu. Akaagiza kila mkazi ajitokeze mbele ya kamati ya mahali pake, amwage divai, atoe sadaka, aonje nyama ya sadaka hiyo, kisha aandikiwe cheti. Katika mchanga wa Misri vimefukuliwa vyeti zaidi ya 40 vya mwaka ule. Kimojawapo ni cha kuhani wa kike wa Petesouchos, mungu mamba. Mama huyu kazi yake ilikuwa kuitumikia miungu, na bado ilimbidi apate karatasi ya kuthibitisha kwamba anaitumikia.

Sasa tazama yale yasiyoandikwa kwenye cheti. Hakimkani Kristo. Hakikuulizi unaamini nini. Kina jina lako na la baba yako, kijiji chako, umri wako, na maelezo kwamba siku zote umeitolea miungu sadaka na leo umefanya hivyo mbele ya kamati. Cheti cha mzee Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous, cha tarehe 26 Juni 250, kinaeleza kuwa ana miaka 72 na kovu kwenye nyusi ya kulia. Serikali ilitaka kulijua kovu. Ya moyoni mwa mzee haikuyahitaji. Nakusihi upakazie macho hapo. Shinikizo likija na simba, hata mtoto analitambua. Likija na kalamu, na mtu mpole nyuma ya meza anayesema, "Mzee wangu, huu ni utaratibu tu," wengi hawajui kama wameshaulizwa swali.

Umeshalielewa tangazo? Basi usiwahi foleni. Ushauri huu unaonekana mwepesi mno, lakini mjini Karthago ulihitajika kuliko mwingine wowote. Askofu wao Sipriani aliandika kwa uchungu kwamba waumini walimiminika kwenye uwanja wa mji kabla hawajakamatwa, hata kabla hawajahojiwa. Jioni ikawakuta bado wamejaa, mahakimu wakawaambia warudi kesho, nao wakabembeleza wamalizwe siku ileile. Wapo waliokuja na mnyama wao wa sadaka, kana kwamba kamati ingewapungukia. Wazazi walibeba watoto wachanga. Kule Aleksandria, Askofu Dionisi alisimulia habari za Wakristo wenye vyeo waliokwenda madhabahuni wamepauka na kutetemeka mithili ya watu wanaokwenda kuchinjwa wao, huku umati ukiwacheka. Kwa hiyo mwito ukitangazwa, kaa chini. Pika. Kunja nguo. Mpe Mungu nafasi ya kukuokoa kabla hujajiwahisha mwenyewe. Wengi walianguka bila kusukumwa na mtu, na naamini ndivyo inavyokuwa hata sasa: bosi hajasema neno, sisi tumeshakisia analotaka, tumeshampelekea.

Sasa tufike kwenye cheti cha kununua. Hapa nitakaa.

Siku moja utaambiwa kuna njia. Hutamwaga divai, hutaonja nyama, mkono wako utabaki safi. Unatoa kitu kidogo, unaandikiwa karatasi inayosema umefanya, basi. Sipriani anatuonyesha jinsi Wakristo hawa walivyojitetea: walimwendea hakimu, wengine kwa kutuma mtu, wakamweleza waziwazi kwamba wao ni Wakristo, hawaruhusiwi kuzikaribia madhabahu za mashetani, hivyo wanalipa ili wasifanye wasiloruhusiwa. Nikiyasoma hayo nawaonea huruma. Walikuwa watu wa dhamiri. Walitafuta mlango wa uani ambao ungewatoa wakiwa na Kristo na wakiwa na nyumba yao pia. Ni mlango ninaoujua. Aliyewahi kuletewa orodha ya mahudhurio ya semina ambayo haikufanyika, akaambiwa posho iko tayari inasubiri sahihi yake tu, anaujua vilevile.

Usiupite. Sababu ya kwanza Sipriani aliiona: karatasi imekusemea. Hukuinua kinywa kumkana Bwana, ila umelipa ili umkane kwa maandishi, na ushahidi huo unatunzwa. Sababu ya pili ni yangu, nayo naiona nzito zaidi. Kumbuka fundi viatu anayesali pamoja nawe Jumapili. Hana cha kumpa hakimu. Wenye uwezo wakishalipa mmoja baada ya mwingine, kukataa kunageuka bidhaa yenye bei, na yeye pekee ndiye anayebaki nje ya soko, akabiliane na kamati bila ninyi. Uaminifu ulionunuliwa na matajiri unamwachia maskini gereza. Ndiyo maana nilikuambia fedha ziache nyumbani, au bora zaidi, mpelekee mke wa fundi viatu, mumewe akishachukuliwa.

Je, unaweza kukimbia? Unaweza, na usimruhusu mtu akuonee aibu. Yesu mwenyewe aliwaruhusu wanafunzi wake, wakifukuzwa mji huu, wakimbilie mwingine. Sipriani alitoka Karthago akajificha, akaliongoza kanisa lake kwa barua, na kule Roma wako walionung'unika kwamba mchungaji ameacha kundi. Aliyekimbia ameacha nyumba, shamba na jina lake kwa ajili ya imani. Sioni huo ni woga.

Ila ukikimbia, uwe tayari kwa mipango ya Mungu isiyofanana na yako. Dionisi alikaa nyumbani kwake siku nne akimngoja mpelelezi, naye mpelelezi akazunguka barabara, mito na mashamba akimtafuta kila mahali isipokuwa nyumbani, maana hakudhani mtu anayesakwa angekaa pale. Mwishowe askofu aliondoka, akakamatwa na askari njiani. Mwenzake Timotheo, aliyenusurika, alikutana na mwanakijiji aliyekuwa anakwenda arusini, akamweleza yaliyotokea. Wale wa arusini walipopata habari waliacha karamu, wakavamia kwa kelele nyumba alimoshikiliwa, na walinzi wakatoka mbio. Dionisi alikuwa amelala na shuka lake. Akadhani ni wanyang'anyi, akawanyoshea nguo zake. Wakamwambia ainuke upesi. Alipotambua kwamba wanamwokoa, akawasihi wamwache, au kama wanataka kumsaidia wamkate kichwa wao wenyewe. Hawakumsikiliza. Walimshika mikono na miguu, wakamburuta nje, wakampandisha punda asiye na tandiko, wakaondoka naye. Nasema tena: tafuta jirani mwema. Ukipata kijiji kizima, mshukuru Mungu.

Ukikamatwa na asitokee mtu wa arusini, jibu kwa ufupi. Si kila mtu alitoka salama. Papa Fabiani alifariki Roma tarehe 20 Januari 250, miongoni mwa wa kwanza kabisa. Origenes, mwanazuoni mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, aliteswa gerezani akiwa mzee, akaishi miaka michache tu baada ya hapo. Usitafute nafasi ya kubishana. Zamu ya Sipriani ilifika mwaka 258, chini ya Kaisari Valeriani. Liwali alipomtaka ajifikirie, alijibu kwamba katika jambo lililo wazi namna ile hakuna la kufikiria, na liwali afanye alichoagizwa. Tarehe 14 Septemba alikatwa kichwa, baada ya kuagiza watu wake wampe mnyongaji sarafu 25 za dhahabu. Fedha zile zile ambazo wenzake walimpa hakimu ili waishi, yeye alimpa aliyekuja kumuua, asiwe na deni la chuki.

Limebaki fungu la baada ya dhoruba, ambalo waliosimama imara ndio hulihitaji kuliko walioanguka. Decius aliuawa vitani na Wagothi mwaka 251. Milango ya makanisa ikafunguliwa, na waliokuwa na vyeti wakaja wakilia. Kosa likatoka upande ambao haukutazamiwa. Baadhi ya waungama dini, yaani wale walioteswa gerezani bila kukana, walikuwa wamegawa barua za amani za kuwarudisha walioanguka, nyingine zikiandikwa apokelewe fulani pamoja na watu wake, bila kutaja hao watu ni wangapi. Kanisa likawa na vyeti vya kufuta vyeti. Upande wa pili akasimama Novatiani kule Roma, akasema aliyeanguka asirudishwe kamwe. Sipriani na maaskofu wenzake wa Afrika walikutana mwaka 251 wakakataa njia zote mbili: kila mtu asikilizwe kwa habari yake, aliyenunua karatasi asihesabiwe sawa na aliyekimbilia madhabahuni, toba iwe ya kweli, na mlango usifungwe. Ukitaka kujua kama umebaki mwaminifu kwa Kristo, jitazame unavyomsalimia aliyeshindwa.

Mfuate Celerinus. Alisimama mbele ya Decius mwenyewe kule Roma, akafungwa siku 19 gerezani, hakulegea. Ndugu zake wawili wa kike walianguka. Mmoja wao alipanda njia ya kwenda kutoa sadaka, akafika nusu, akatoa fedha, akarudi. Celerinus hakuwakana. Siku za Pasaka aliomboleza kwa ajili yao usiku na mchana, akaandika barua Karthago kuwaombea msamaha, na humo akaeleza jambo moja lililo jema kwao: waungama dini 65 waliofukuzwa Karthago walipoteremka bandarini, dada zake walikwenda kuwapokea, na hadi anaandika barua ile walikuwa bado wanawatunza.