Shangazi wa Gereji Anajibu: Hela ya Rejeta Yangu Imekwenda Wapi?

*Shangazi, shikamoo. Nina Spacio. Lilianza kuchemsha pale Buguruni, fundi akasema rejeta imetoboka, nimtumie laki na themanini akanunue nyingine. Nikatuma, na ya kutolea juu. Sasa ni wiki ya tatu. Nikipiga asubuhi yuko Kariakoo anatafuta, mchana yuko kwenye foleni, jioni "imebaki kufunga tu, bosi wangu". Jana nimepita na daladala nikamwona kwa macho yangu yupo chini ya Noah ya mtu mwingine, na Spacio langu pembeni, boneti wazi, kuku katua juu ya injini. Nimroge?*
*Mpanda Daladala, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Usimroge, nani atakufungia hiyo rejeta? Halafu tuelewane: hela yako haijaliwa. Inazunguka.

Fundi wa chini ya mwembe hana mtaji. Ana spana, jeki, vijana wawili wanaojifunza kazi, na simu iliyopasuka kioo. Siku uliyotuma laki na themanini, mwenye Noah alikuwa amesimama mbele yake anatokwa povu, kwa sababu hela yake ya pampu ya maji ilishanunua shokapu za Carina. Basi rejeta yako ikageuka pampu ya Noah. Rejeta yenyewe italetwa na mteja ambaye leo hajui hata kama gari lake litaharibika. Umeingizwa kwenye mchezo wa upatu kama ule wa akina mama wa mtaani kwako, ila wenzako huko wanajua zamu zao, na nyumba ya kijumbe inajulikana.

Utaniuliza kwa nini asitoze ufundi wa maana akaacha kuzungusha hela za watu. Hapo ndipo mimi na wewe tunapogombana. Alipokutajia ufundi elfu thelathini ulisemaje? Najua ulivyosema, maana wote tunasema hivyohivyo: "Bolti nne tu, elfu thelathini?" Ukamkata mpaka kumi, ukaondoka unajiona mjanja wa mji. Yeye naye akapiga hesabu: rejeta inauzwa, tuseme, laki na ishirini, wewe akakutajia laki na themanini. Ukitaka risiti utaandikiwa, na muuza duka hatakunja uso, kwa kuwa cha juu kina mgao wake. Ulikataa kulipa elfu ishirini mchana kweupe, umelipa sitini gizani.

Na hela si ubaya mkubwa. Fundi anayekula kwenye spea hana sababu yoyote ya kukwambia kwamba hosi ya elfu nane ingetosha. Akikaa saa mbili anasikiliza injini, anafuata maji yanapovujia, akagundua ni kibano kimelegea, utampa nini? Utampa asante, labda na soda. Akibadilisha rejeta nzima anarudi nyumbani na unga. Sisi wenyewe tumepanga kwamba kujua hakulipwi, kubadilisha kunalipwa. Basi vitabadilishwa.

Kesho nenda asubuhi na mapema, kabla hajaingia chini ya gari la mtu. Usiende na mgambo. Mwambie mnakwenda naye dukani pamoja. Kilichobaki mkononi mwake akitoe, kinachopungua mwandikiane, mbele ya mtu anayemheshimu pale gereji. Ujumbe wa muamala usiufute, huo ndio mkataba pekee ulio nao. Safari nyingine spea kanunue mwenyewe, ukiwa na namba ya chesisi, udai risiti ya EFD, na kilichotolewa kwenye gari ukabidhiwe na grisi yake. Halafu ufundi lipa. Lipa bila kulialia.

*Shangazi, fundi amenibadilishia taimingi belti ya IST kwa laki mbili na nusu pamoja na ufundi. Kweli gari limekuwa jepesi. Nataka nimpelekee zawadi ya sikukuu, wewe unaonaje?*
*Dada Mwenye Furaha, Sinza*

Dada, tafuta kiti ukae. IST iwe NCP60 yenye injini ya 2NZ, iwe NCP61 yenye 1NZ, haina taimingi belti. Ina cheni. Imekaa ndani ya injini inaoga oili, na ukimwaga oili kwa wakati unaweza kuliuza gari hujawahi kuigusa. Mkanda wa mpira uliopo ni ule wa nje, unaozungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Huenda huo ndio uliobadilishwa. Huenda umepanguswa vumbi tu. Wepesi unaousikia ni wa pochi.

Sisemi kila anayetaja taimingi belti ni mwizi. Carina Ti ya injini ya 5A ina mkanda kweli, na ukikatika unalala barabarani; fundi aliyekulia kwenye Carina anaweza kusema kwa mazoea. Lakini huyu wako hakuishia kusema. Alibadilisha! Rudi kwake na ombi moja kwa sauti ya upole: "Fundi, naomba ile ya zamani." Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Na hili nalo nitalisema, wakasirike wanaokasirika: ungefika pale ukiwa kaka mwenye sauti nzito, belti hiyo isingezaliwa. Wapo mafundi ambao gari likiletwa na mwanamke hupata magonjwa mapya papo hapo. Watu watakushauri uende na shemeji. Shemeji wa nini? Atasimama pale ameweka mikono kiunoni akiitikia "ahaa, ahaa", naye hajui pa kuwekea oili. Fungua boneti lako mwenyewe, tafuta kibao kidogo cha bati, kimeandikwa modeli ya gari na jina la injini. Ukimwambia fundi "hii ni NCP61, injini 1NZ", utamwona anavyokaa sawa.

*Fundi aliondoka na gari saa nne asubuhi kwenda kujaribu breki. Amerudi magharibi. Siti ya nyuma nimekuta majani ya kabichi. Nifanyeje?*
*Mwenye Shaka, Kigamboni*

Breki zinapimwa kwa kukanyagwa, hazihitaji kwenda sokoni. Kabla ya kukabidhi funguo, piga picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita na mshale wa mafuta, uipige mbele yake, umwonyeshe. Kabichi alizopeleka zilikuwa za nani, hilo mwache nalo.

*Shangazi, gari langu lilichemsha nikiwa Dar, fundi akatoa themostati, akasema huku kwenye joto haina kazi. Limeacha kuchemsha kweli. Nimehamishiwa Njombe kikazi. Sasa hita inapuliza baridi, mafuta linakunywa kama halijawahi kuyaona, na mwezi wa saba huu nakwenda ofisini nimejifunika blanketi garini. Nimwambie nini?*
*Mtumishi wa Umma, Njombe*

Pole, baba. Hicho kidude kinafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwenye Toyota nyingi nyuzi 80 na kitu, ndipo kinafunguka. Kikitolewa, maji yanapita tangu dakika ya kwanza. Injini haichangamki, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha, inazidi kumwaga petroli. Na hita unayoililia inapashwa na maji hayohayo. Utapashwaje na maji ya baridi?

Maneno ya kwamba Dar haina haja ya themostati yameenea mno, na hata huko Dar si kweli. Kilichochemsha gari lako huenda bado kimo humo: feni, uchafu kwenye rejeta, au gasketi. Kimefichwa na hali ya hewa ya Njombe. Weka themostati mpya, kisha tafuta ugonjwa wenyewe kabla hujashuka likizo. Mlima Kitonga wakati wa kurudi hautakuuliza cheo.

*Shangazi, mimi ni fundi, na ninasoma safu yako kila wiki nikiwa nimekunja ndita. Mteja analeta gari la CVT anataka niweke hydrauliki yoyote ya bei rahisi, nikikataa anakwenda kwa jirani, likifa anarudi kunilaumu mimi. Mwingine analeta pedi za breki feki alizonunua mwenyewe, zikipiga kelele anasema nimezifunga vibaya. Wewe unawafundisha tu watuombe spea za zamani. Nasi nani anatufundishia wateja?*
*Mwenye Spana, Ilala*

Umenipata, mwanangu, na barua yako nimeisoma mara mbili. Wasomaji mnisikie: gia boksi ya CVT ina mafuta yake, hydrauliki ya kawaida, yaani ATF, inaiua, na elfu arobaini mliyookoa inaondoka na gia boksi nzima. Fundi anayekataa kuwawekea anawapenda kuliko huyo jirani.

Wewe nawe, ukikataa kazi, kataa kwa maandishi. Ujumbe mfupi tu: "Nimekushauri hivi, umekataa, gari umelichukua." Pedi feki mrudishie mkononi kabla hujazifunga. Akijua alikozinunua, Tume ya Ushindani inashughulika na bidhaa bandia, akalalamike huko badala ya kukusimamia wewe. Na kama ufundi wako uliupata mtaani, VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi wa waliojifunza kazini na kuwapa cheti bila kuwaanzisha upya darasani. Kitundike ukutani juu ya betri, kisha pandisha bei ya ufundi. Watalia. Waache walie, mimi nitakuwa nao hapa kila wiki.

*Shangazi, kila nikiwasha Vitz, mwanamke anaongea Kijapani. Fundi mmoja alinitoza elfu hamsini "kulifuta", kesho yake likaanza tena. Mke wangu ameanza kuuliza maswali.*
*Mume wa Mtu, Mbagala*

Mwambie mama atulie. Huyo ni kifaa cha kulipia barabara za kasi za Japani, wanakiita ETC, gari limekuja nacho. Anakukumbusha kwamba kadi ya malipo haijawekwa. Kipo chini ya dashibodi au kwenye boksi la mbele la abiria. Fundi umeme wa kweli anachomoa waya wake kabla chai haijapoa. Elfu hamsini kaidai, ingawa sina matumaini. Yule dada wa Kijapani hakukukosea kitu: kadi haijawekwa, na kweli haijawekwa.