Namna ya Kumpeleka Mtoto Kambini Upareni Ukarudishiwa Mwingine

Shule zikifungwa mwezi wa 6, nyumba nyingi za Same huona mambo mawili kwa mpigo: sukari inaisha upesi, na watoto wana nguvu kuliko kazi zilizopo. Ndipo siku moja baada ya ibada anasimama mtu wa matangazo na kusema kutakuwa na kambi ya watoto na vijana huko milimani: neno la Mungu asubuhi, michezo mchana, nyimbo jioni, mwisho wa kujiandikisha wiki ijayo. Mzazi mwenzangu, mwandikishe. Wangu nimewapeleka, nikawapokea, nikafua soksi zao, na ushauri ninaoutoa hapa nauamini wote.

Hatua ya 1: Uliza maswali hela ikiwa bado mkononi

Upareni, kiongozi wa kambi huenda akawa baba yako mdogo, shemeji yako au mtu mliyesoma naye darasa moja. Mpe shikamoo yake, ulizia habari za nyumbani, kisha muulize kama usiyemjua kabisa. Bweni la wasichana analala mama gani? Wavulana wadogo wanalazwa na wakubwa? Sanduku la huduma ya kwanza lina nini zaidi ya panado? Zahanati iko umbali gani, na usiku gari litapatikana? Nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto kabla ya kambi kufungwa? Kiongozi mzuri atafurahi kuulizwa. Anayejibu kwamba sisi sote ni ndugu hajajibu chochote. Na mtoto mwenyewe mfundishe namba 116, simu ya kusaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure.

Maliza na swali ambalo wazazi wengi hulisahau: je, kila mtoto atacheza? Lishike jibu lake, tutalirudia.

Hatua ya 2: Pakia begi la nchi mbili

Same mjini ni jua, vumbi na upepo, maana milima ndiyo inayokamata mvua na kutubakizia mawingu matupu. Ukipanda kuelekea Mbaga, Suji au Chome, chini ya Shengena yenye mita 2,462, kilele cha juu kuliko vyote Upareni, unaingia nchi nyingine. Juni huko ni ukungu. Mtoto anayepanda gari stendi ya Same akijipepea na daftari atashuka akigonganisha meno. Sweta, basi, na blanketi zito. Chandarua pia, hata kama babu yake anaapa kwamba huko juu hakuna mbu. Kambi nyingine zinafanyika tambarare za Ndungu na Kihurio, kwenye mashamba ya mpunga, na huko mbu hawaombi ruhusa.

Weka raba zenye meno. Viwanja vya milimani vimechongwa ubavuni mwa kilima, na mpira ukivuka mstari wa upande wa bondeni unakwenda kutembea. Aliyeupiga ndiye anayeufuata, na akirudi nao mechi inakuwa imeshapumzika.

Kisha andika jina. Andika majina matatu, kwenye sahani, kikombe, ndala, sweta na Biblia. Ukiandika “Mbwambo” peke yake, umetoa sahani sadaka. Mwalimu akiita Mbwambo wataitika wengi, akiita Mshana wengine, akiita Msangi au Mmbaga mstari mzima unainua mikono.

Hatua ya 3: Acha kuku nyumbani

Kuku wa kukaanga aliyefichwa chini ya nguo hunukia bweni zima kabla ya sala ya jioni, na mwenye kuku anajifunza ukarimu kwa lazima. Kambini kuna makande. Mtoto aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kwa bibi yake atasema hayali. Usibishane naye. Atapanda kilima asubuhi, atakimbia mchana, na jioni atajipanga foleni wa tatu kutoka mbele, sahani ikiwa imekumbatiwa kifuani. Akipata na chai yenye tangawizi ya Mamba Miamba, utaulizwa nyumbani kwa nini yako haina ukali.

Hatua ya 4: Mjibu mzee asiyependa mpira

Kila usharika una mzee anayeuliza mpira umeingiaje kanisani. Mjibu kwa adabu kwamba baadhi ya michezo hiyo ilitokea huko huko. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 na James Naismith, mwalimu katika chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Springfield, Marekani. Alitakiwa kutafuta mchezo wa ndani kwa vijana waliochoshwa na baridi. Akatundika vikapu vya matunda, akaandika kanuni 13. Mwaka 1895 William Morgan, naye wa YMCA, akabuni mpira wa wavu. Netiboli ambayo binti zetu wanaicheza kila shule ilizaliwa kutokana na kikapu. Kwa hiyo kijana akirusha mpira kwenye ringi lisilo na nyavu huko Suji, yumo katika kazi ambayo watu wa kanisa waliianza zamani, wakiamini kwamba mwili nao unafundishika wema.

Hatua ya 5: Ijue kalenda ya kambi

Milima hii ndiyo iliyowapokea Waadventista Wasabato wa kwanza waliofika nchini, mwaka 1903, kituo chao kikiwa Giti. Hadi leo ukoo mmoja unaweza kuwa na Wasabato, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, wote wakila sahani moja siku ya harusi. Kama kambi ni ya Wasabato, kwa mfano ya Watafuta Njia, chama cha watoto wa miaka 10 hadi 15 ambacho kanisa lao lilikipitisha rasmi mwaka 1950, mpira unawekwa chini Ijumaa jua likizama na hauguswi mpaka Jumamosi jua lizame tena. Mweleze mtoto wako mapema, ili asiwe yeye anayeupiga danadana nyuma ya jiko wakati wenzake wanaimba.

Msimulie pia habari za Eric Liddell, mkimbiaji wa Uskoti. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulipangwa Jumapili, siku yake ya ibada. Akaingia mita 400, akachukua dhahabu kwa sekunde 47.6. Mtoto aliyesikia habari hiyo anaelewa kwamba kuna mambo mchezo unayapisha.

Hatua ya 6: Tulia

Usimpigie mchungaji kila baada ya mlo. Mtandao wa milimani unakuja na kuondoka na ukungu, na mchungaji ana watoto wengi wa kuwahesabu. Zaidi ya yote, usipande na bodaboda siku ya pili “kumchungulia tu”. Mtoto aliyekuwa akicheza rede kwa furaha atakuona, atalia, na waliolala pembeni yake watakumbuka kwamba nao wana mama. Utashuka mlimani ukiwa umeliza bweni zima.

Hatua ya 7: Fika siku ya fainali, kaa upande wa mashangilio

Sasa turudi kwenye lile swali. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yanachuja: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Ni haki yao, vipaji vinatafutwa. Lakini mchujo huo unamwacha mtoto yuleyule kila mwaka, yule anayebaki pembeni akishika mashati ya wenzake. Ada ya kambi nailipa kwa furaha kwa sababu ya mtoto huyo. Kambi ya kanisa iliyo njema inampa jezi, hata kama inamfika magotini, na inampa dakika zake uwanjani kwa sababu ni mtoto wa Mungu kama mfungaji bora.

Kwa hiyo ukisimama kwenye mstari, usigeuke kocha. Usipige kelele atolewe aliyekosa penati. Refa ni kijana wa kwaya, anaona anachoweza, mwache. Timu ya mwanao ikifungwa, mwache alie, kisha mtazame akienda kuwapa mkono waliomfunga. Somo hilo mtoto hulipata kwa kufungwa, mbele ya watu, na wewe ukiwa kimya.

Hatua ya 8: Mpokee aliyerudi

Atarudi bila sauti, bila soksi moja, akiimba pambio lilelile kutoka mlangoni hadi chooni. Usimwulize kwanza kama walishinda. Mwulize alilala karibu na nani, nani alimfundisha kurusha mpira, nani alikuwa hajui na yeye akamfundisha. Akimaliza kula atainuka mwenyewe kuosha sahani yake. Usishangae kwa sauti wala usimwambie dada aichukue. Kazi aliyoizoea kambini iendelee nyumbani kuanzia jioni hiyohiyo.

Hatua ya 9: Lipa mara mbili

Kila tangazo la kambi linaposomwa, yupo mzazi anayetazama chini kwa sababu ada hana, na mtoto wake anajua. Kambi inayowafaa wote inavunjika hapo, kabla mpira haujapulizwa. Mwakani ukienda kumwandikisha wako, lipia na wa jirani, au changeni watatu mlipie mmoja, na mhazini asitaje jina. Mtoto huyo naye ana miguu, ana sauti, na huenda ndiye anayeweza kuushuka mlima na kuurudisha mpira kabla mechi haijapoa.