Wa Mpira au wa Moto?

Nilikwenda kwa wakili mmoja hapa Tabora na hati ya kiapo kwamba Saidi wa cheti cha kuzaliwa na Said wa kitambulisho ni mimi yuleyule. Karani akaniuliza kama anayeuza chai: "Mzee, tukupigie wa mpira au wa moto?"

Muhuri wa mpira huacha wino. Wa moto, licha ya jina, hauna moto. Ni chuma kinachobana karatasi mpaka maandishi yavimbe. Nikachagua wa moto, una heshima. Dirishani kwenye ofisi ya pili wakataka fotokopi, na kwenye fotokopi uvimbe ule hauonekani. "Hati haina muhuri, Mzee." Nikaupaka penseli. "Muhuri umechezewa."

Mwaka 1871 mpelelezi Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Machi, na wapagazi na homa, akafika Unyanyembe, hapahapa Tabora, Juni. Kiapo changu mwezi wa nne sasa kinasafiri baina ya ofisi mbili zinazotazamana, mwembe mmoja katikati.

Jana karani kanionea huruma. Kapiga yote miwili, mmoja juu ya mwingine, palepale penye jina. Herufi ya mwisho haisomeki.