Nyumba Inayouma

Fundi umeme akiingia kwenye nyumba ya zamani hagusi kitu kwanza. Anasimama katikati ya sebule, anainua macho darini, anatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa baada ya waganga kumaliza mizizi yote, kisha anauliza: "Nani aliwafungia hizi waya?"

Swali hilo halina jibu salama. Ukisema humjui, bei inapanda kwa sababu kazi itakuwa ya kubahatisha. Ukimtaja, bei inapanda zaidi, maana fundi wako itabidi kwanza amsengenye mwenzake, na kusengenya nako kunakula muda wa kazi. Nimelisikia swali hilo kwa mafundi wa Njombe na wa Makambako, vijana kwa wazee, wenye vyeti na wenye bisibisi tu. Sijawahi kukutana na fundi umeme aliyeingia nyumba ya zamani akasema, "Aa, aliyefunga hapa alikuwa fundi." Mtu huyo hajazaliwa, au alizaliwa akaamua kuwa fundi bomba.

Nyumba ninayoizungumzia iko Njombe mjini. Aliijenga marehemu baba mkubwa kwa matofali ya kuchoma na madirisha madogo ya kukwepa baridi, na sebuleni akaweka sehemu ya kuotea moto ambayo siku hizi tunatunzia viatu. Alipoingiza umeme, mahitaji yake yalikuwa ya mtu mwenye kiasi: balbu moja kila chumba, redio ya kusikilizia taarifa ya habari, na pasi ya siku ya kwenda kanisani. Nyaya zilipimwa kwa maisha hayo, na kwa maisha hayo zilitosha kabisa. Baada yake tukaingia sisi na friji, televisheni, birika la umeme, blenda, simu za kuchaji kila kona, na ekstensheni zilizozaa ekstensheni nyingine. Mizigo yote hiyo tukaitwisha nyaya zilezile zilizowekwa kwa ajili ya redio.

Hata hivyo tungeendelea kuvumiliana, nyumba na sisi, kama si baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi ambazo umande unaganda kwenye majani ya viazi, na maji ya bombani yakikugusa mgongoni unaungama hata dhambi ambazo hujatenda. Kwa hiyo kila familia inayopata fedha kidogo huota kitu kimoja: shawa ya umeme. Kile kichwa cheupe cha plastiki bafuni ndicho kinachotenga waliofanikiwa na wanaochemsha maji kwa sufuria.

Tatizo ni kwamba kichwa hicho kina njaa. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Waya wa taa, ule mwembamba wa milimita za mraba 1.5, haukutengenezwa kwa mzigo huo. Shawa inataka waya wake yenyewe, mnene, unaotoka moja kwa moja kwenye sakiti breka yake, bila kupitia kwa balbu wala soketi ya mtu.

Fundi wetu wa kwanza hakuwa mtu wa hesabu. Jirani alimpendekeza kwa sifa moja kubwa: anapokea simu. Alikuja na testa, kisu cha jikoni na tepu nyeusi, na kazi ya koleo akaifanya kwa meno. Akatafuta waya uliokuwa karibu na bafu kuliko zote, akaukuta wa taa ya korido, akaunganisha shawa hapohapo. Maji ya moto yakatoka. Tulimpigia makofi, mama watoto akampa na chai.

Tangu siku hiyo kuoga kukawa shughuli ya hadhara. Mtu akifungua shawa, taa ya korido inafifia na televisheni inazima. Wote sebuleni wakajua nani yuko bafuni na amekaa muda gani, na kijana wetu aliyependa kuoga wakati wa mpira alinusurika kufukuzwa nyumbani. Kisha fyuzi ikaanza kukatika. Fundi akaitwa tena, na akaja na dawa ya kudumu: alitoa ule uzi mwembamba wa fyuzi, akaweka msumari. "Sasa hii haitakatika tena, mzee," akasema kwa fahari.

Na alisema kweli. Fyuzi imewekwa ife ili nyumba ipone: uzi wake ni mwembamba makusudi, mzigo ukizidi unayeyuka kabla waya wa ukutani haujapata moto wa kuunguza dari. Ukiweka msumari, umeihakikishia fyuzi uzima wa milele. Kitakachoyeyuka ni kingine.

Julai mama mkwe akaja kutoka Makambako kumwona mjukuu mchanga. Kwetu mkwe si mtu wa kutaniwa, na mimi nilitaka aone kwamba binti yake ameolewa kwenye nyumba yenye maji ya moto. Tulimweleza utaratibu wa bafu letu kwa adabu: avae kandambili, afungue koki kwa kitambaa kikavu, na asiguse koki na ukuta kwa wakati mmoja. Wenyeji tulikuwa tumezoea masharti hayo hata tukasahau kwamba ni masharti. Alisikiliza, akaingia. Mara tukasikia yowe, ndoo ikaanguka, taa ya korido ikarudi kwenye mwanga wake wa kawaida. Akatoka amejifunga khanga, mtulivu kupita kiasi, akaniambia bila kunitazama usoni: "Mkwe, nyumba yako inauma."

Siku zote zilizobaki alioga kwa ndoo, ndani ya gambuti zangu za shambani. Habari ikafika Makambako kabla yake.

Hapo mama watoto akatoa amri: nyaya zibadilishwe nyumba nzima, na huyu wa msumari asionekane. Nikaanza kuulizia. Watu wa Njombe wakaniambia mafundi wa kweli wako Makambako: ule ni mji wa njia panda, barabara ya Mbeya na ya Songea zinaachana pale, treni ya TAZARA inapita, kila kifaa na kila ujuzi vinashukia pale. Nikapanda kosta, kilomita kama 60, nikaulizia Makambako. Wakanishangaa. "Mzee, umetoka Njombe makao makuu ya mkoa unakuja kutafuta fundi huku? Mafundi wenye vyeti wote wako kwenu." Fundi wa kweli, nikajifunza, daima yuko mji mwingine.

Niliyempata alikuwa mzee wa makamo, miwani puani, mtu wa maneno machache. Alipoahidi kuja, simu zake zilikuwa zilezile za mafundi wote: "nipo njiani", huku nyuma nikisikia kondakta akiita abiria wa Mafinga. Lakini alipofika nikaona tofauti. Kwanza alizima meinswichi, jambo ambalo mwenzake hakuwahi kulifikiria. Pili alikuwa na mita ya kupimia. Tatu aliomba ngazi na tochi. Swali lile la nani aliyefunga waya, bila shaka, aliliuliza, na kwa mara ya kwanza nikaona anayelihitaji jibu.

Aliyoyakuta darini aliyatangaza kutoka hukohuko juu, na majirani wakasikia. Panya walikuwa wametafuna ganda la waya, shaba iko wazi juu ya mbao kavu. Viungo vilikuwa vimefungwa kwa mfuko wa rambo. Rangi nazo zilikuwa za vizazi viwili. Nyaya za baba mkubwa zilifuata mtindo wa zamani tuliourithi kwa Waingereza, nyekundu yenye moto na nyeusi isiyo na moto. Nyaya za waliofuata zilikuwa za mtindo mpya, kahawia yenye moto na bluu isiyo na moto, mtindo ambao Waingereza wenyewe waliuhamia mwaka 2004. Mahali vizazi hivyo vilipokutana, kila fundi alikuwa ameamua kwa imani yake. Ndiyo maana swichi ya chumba cha wageni ilikuwa ikizima taa huku holda ikibaki na moto.

Kisha akacheka. "Mzee, njoo uone ethi yako." Ule waya wa kijani, unaotakiwa kuuteremsha ardhini umeme uliopotea njia, ulitoka kwenye soketi, ukapanda ukutani vizuri sana, ukafika darini, ukakatwa. Haukuwa umeungwa popote. Kwa hiyo umeme uliovuja kwenye shawa ulikosa njia ya kushuka, ukakaa bombani kumsubiri mama mkwe.

Orodha ya vifaa ilijaza ukurasa: nyaya za 1.5 kwa taa, za 2.5 kwa soketi, za 6 kwa shawa, sakiti breka kwa kila kundi, fimbo ya ethi ya kuchimbiwa nje, na kifaa kile kinachokata umeme mara kinapohisi unavuja, cha miliampea 30. Dukani tukakuta rola za waya za bei nafuu sana. Mzee akamenya ncha ya mojawapo, akakwaruza shaba kwa kisu, chini yake ikatokea rangi nyeupe ya aluminiamu. Muuza duka akaanza kusifia baridi ya mwaka huu. Tukaenda duka lingine, tukatafuta alama ya ubora ya TBS, tukalipa bei iliyonifanya nitazame barabarani kwa muda.

Kazi ikaisha, kuta zikazibwa, familia ikakusanyika koridoni. Mzee akapandisha meinswichi. Giza. Akashusha, akapandisha. Giza. Mama watoto akanitazama kwa jicho la gharama zote zile. Mzee akafungua kila kitu upya, akapima, akatoa jasho katika baridi ya Njombe, mpaka mtoto wa darasa la nne akasema kutoka nje: "Baba, LUKU imeisha." Nikanunua umeme, tarakimu 20 zikaingia, uniti zikaja pungufu ya matarajio: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo. Lakini taa ziliwaka zote, na shawa ilipofunguliwa hakuna aliyejua nani yuko bafuni.

Mambo haya ya nyaya hayazungumzwi sana, kwa sababu macho yetu yote yako nje ya nyumba. Njia kuu ya kilovoti 220 kutoka Makambako kwenda Songea, kilomita 250, ilikamilika mwaka 2018. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115. Yote hayo ni kazi kubwa, lakini mwisho wake ni kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, mwenye dhamana ni mwenye nyumba na fundi aliyemchagua, na megawati zote za Rufiji zinaweza kuja kukwama kwenye msumari mmoja.

Na kuchagua si kubahatisha. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme, kwa madaraja; muombe fundi akuonyeshe yake kabla hujampa chai. Mtake aandike vifaa na bei, umlipe kidogokidogo kadiri kazi inavyokwenda, apime ethi ukiwa umesimama hapo, na akuachie mchoro wa kila waya unapopita. Akikataa mchoro, mshukuru, mpe nauli.

Kuoga maji ya moto Njombe mwezi wa Julai si anasa, ni haki ya binadamu. Ila haki hiyo inadai waya mnene, ethi inayofika ardhini na fundi mwenye leseni. Ukikosa kimojawapo, chemsha maji jikoni.