Muulize Mjomba Chatu: "Amehamia kwenye bakuli la maji"

Safu hii huwajibu waliokwama na makabati ya nyoka waliyojijengea wenyewe. Wenye matatizo ya ndoa wajaribu ukurasa wa jirani, ingawa barua ya kwanza ilinidanganya hata mimi.

*Shikamoo Mjomba. Nimeishi naye miaka minne hapa Leicester bila ugomvi. Majuzi nimemhamishia kwenye makao mapya niliyojenga kwa mikono yangu, nikamtandikia mkeka wa joto sakafu nzima. Tangu hapo halali mahali pake. Usiku kucha yuko kwenye bakuli la maji. Je, amenichoka? — Mpweke*

Marahaba. Hajakuchoka, mwanangu. Anaungua.

Kwanza mkague kama ana utitiri, maana nyoka mwenye utitiri naye hujilaza majini kuwazamisha wadudu hao. Ukiona vidoa vyeusi vinaelea, nenda kwa daktari wa wanyama. Maji yakiwa safi, rudi kwenye mkeka wako.

Nyoka hutawala joto la mwili wake kwa kuhama. Akishiba husogea penye moto ili chakula kisagike, akitosheka hurudi penye ubaridi. Wewe umemtandikia moto ukuta hadi ukuta, hukumwachia pa kukimbilia ila bakuli. Mkeka au utepe wa joto uchukue thuluthi moja ya sakafu, upande wa nyuma, basi. Huyo wako nadhani ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, kwa kuwa nusu ya barua zangu zinamhusu yeye. Kwake penye moto pawe kama nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na mbele kwenye ubaridi 25 hadi 27.

Themostati hukuitaja kabisa, na ukimya huo umenitia hofu. Mkeka uliochomekwa ukutani moja kwa moja haujui kutosheka. Kwenye kabati la droo, joto linalobanwa kati ya rafu na boksi lililolaliwa na nyoka mzito halina pa kutokea, na nyoka wengi wameungua tumbo wakiwa wamelala palepale, wala hawakusogea. Ndiyo maana nasema themostati inunuliwe kabla ya mbao. Pesa isipotosha vyote viwili, mbao zisubiri. Themostati za bei nafuu huwasha na kuzima. Za bei ya juu hupunguza umeme kidogokidogo, joto likatulia. Kama mfuko unaruhusu, chukua hizo za pili.

Halafu kuna kihisi chake, kile kichwa kidogo kwenye ncha ya waya. Kifungwe juu ya utepe, chini ya boksi, kisitikisike. Hebu fikiria kimechomoka usiku, kinaning'inia nyuma ya kabati kwenye baridi ya Leicester. Themostati itaambiwa kuna baridi, itawasha moto. Itaambiwa bado baridi, itaacha moto ukiwaka. Itatimiza wajibu wake kwa uaminifu hadi alfajiri, na wewe utaamka ukute msiba. Kifunge kwa tepu ya alumini, nje ya boksi. Ndani ya boksi, tepu yoyote yenye gundi ni marufuku: nyoka akinasa, utambandua pamoja na magamba yake.

*Mjomba, mume wangu kutwa yuko gereji na misumeno, jioni anakuja kuniomba kadi ya benki. Nilijua kuna mwanamke. Kumbe anapimia nafasi kati ya rafu na maboksi! Nimwamini? — Mke wa Seremala, Columbus, Ohio*

Mwamini, ila umpe kadi iliyoisha muda.

Kwenye kabati la namna hii maboksi ya plastiki hayana vifuniko. Boksi linasukumwa na kuvutwa kama droo, na rafu iliyo juu yake ndiyo kifuniko. Nafasi ikiwa kubwa, kichanga cha nyoka wa mahindi, ambaye unene wake haufiki kidole, atapenya na utamkuta kwenye kapu la nguo. Ikiwa finyu mno, boksi litakwama siku ya joto, mume atalivuta kwa hasira, na maji ya bakuli yatamwagika juu ya nyaya. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Zikipita mbili kwa shida, kazi imekubali. Apime boksi likiwa na maranda ya mbao na bakuli la maji ndani, kwa maana boksi tupu halibonyei wala halitanuki kama lililojaa.

Sasa muulize: alinunua maboksi kabla ya kukata mbao, au alikata kwa vipimo vya kwenye kibandiko? Kibandiko hutaja ujazo. Hakitaji ukingo wala mabega ya boksi. Anunue yote kwa siku moja, na ya akiba juu yake, kwa sababu kiwanda kikibadilisha umbo mwakani kabati zima litakuwa rafu ya viatu. Mbao ziwe plaiwudi au melamini ya milimita 18, na kingo zote zizibwe, maana maji yakiingia kwenye melamini huvimba na zile milimita alizozipigania hutoweka. Utepe wa joto asiubandike juu ya rafu ukaachwa umeinuka. Achimbe mfereji wa kina kidogo, utepe ulale humo sawasawa, boksi lipite bila kuukwaruza. Nyuma aweke kizuizi ili boksi lisibane nyaya ukutani. Mashimo ya hewa ayatoboe kuanzia ndani kwenda nje, ili ncha kali za plastiki zibaki upande asikolala nyoka.

Akimaliza, asilete nyoka. Kabati liwake wiki nzima likiwa tupu, huku akipima kila rafu kwa ile bunduki ya kupimia joto tuliyokuwa tukielekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Joto hupanda, kwa hiyo rafu ya juu itakuwa na moto kuliko ya chini ingawa themostati ni moja. Kihisi akifunge kwenye rafu yenye moto zaidi. Walio chini wakipata baridi kidogo hawafi. Aliye juu akipikwa, ndiyo imetoka.

Na kwa kuwa umeniuliza habari ya uaminifu: muulize pia kabati lina droo ngapi na nyoka anao wangapi. Droo kumi na nyoka wawili ni posa nane ambazo hazijatangazwa. Mimi sina ugomvi na kabati kwa vichanga, au kwa mgonjwa anayetengwa. Lakini nyoka mzima kuishi maisha yote kwenye boksi asimoweza kujinyoosha, hapo anayefaidika ni mwenye kabati. Mwambie nimesema.

*Mjomba, Mungu akulinde. Mwanangu ana majoka chumbani hapa Minneapolis. Nimeingia kufagia nikakuta kidude kimeandikwa 90. Nyuzi tisini! Je, si nyumba itaungua? — Mama Mwenye Nyumba*

Mama, shikamoo. Hizo ni nyuzi za Fahrenheit, sawa na 32 za kwetu. Hakuna kinachochemka.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nakuunga mkono ushtuke kwa jambo jingine: piga magoti uangalie nyaya. Mikeka sita ya wati 20 ni wati 120, pasi yako ya nguo inakula zaidi ya hapo. Hatari iko kwenye maungio. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuviringishiwa selotepu, ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, maungio yaliyolala chini ya bakuli la maji: ukiona kimoja kati ya hivyo, zima swichi, muite fundi umeme, kisha ndipo umuite mwanao. King'ora cha moshi kiwe chumbani humo humo.

Umeme ukikatika wakati wa baridi kali, asikimbilie mishumaa. Alifunike kabati kwa mablanketi, aweke chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, na asilishe mtu. Nyoka hustahimili ubaridi wa saa kadhaa, ila akiwa na panya tumboni atamtapika. Na utakayefagia ni wewe.

*Mjomba, nipe vipimo vya kabati la droo nane. Niko Nairobi, na nyoka nitawapata porini. — Fundi Chipukizi*

Vipimo sikupi. Kufuga mnyamapori Kenya bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kwa hiyo hatua ya kwanza ni ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Ukitaka kutazama nyoka wanavyotunzwa, iko Snake Park pale makumbusho ya Nairobi, na shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu. Tena porini unaweza kuokota swila ukidhani ni nyoka mpole, na barua yako ya pili nisiipate.

Majibu ya haraka

*Mwana Dodoma, Reading:* Nyoka anayejivua gamba vipande vipande (nasema la nyoka, si lile la siasa za Tanzania za mwaka 2011) anakaa kwenye hewa kavu. Umetoboa mashimo mengi mno. Ziba baadhi, umwekee kijisanduku chenye kuvumwani (moss) yenye unyevu, na unyevu wa boksi ufike asilimia 50 hadi 60.

*Mpenda Harufu:* Hapana, mbao za mwerezi hazifai hata kama zinanukia. Mafuta yake humdhuru nyoka.

*Asiyetaka Kutajwa:* Panya wa kwenye friza ayeyushwe kwenye friji usiku kucha, kisha apashwe kwa maji ya moto ndani ya mfuko. Maikrowevu humpasua. Na hiyo uliyotumia juzi, mwambie mwenzako kabla hajapasha pilau.