Moyo wa Mtoto Ufuate Ratiba: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Itifaki

Ndugu Mkurugenzi wa Itifaki na Hafla,

YAH: MAOMBI YA KUUAGIZA MOYO WA MTOTO UFUATE RATIBA YA OFISI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Hundi ya mfano ya safari hii ilihitaji watu wanne kuishika, na mgeni rasmi alionekana vizuri pembeni yake. Mtoto aliyesimamishwa mbele, kwa fulana ya wafadhili iliyomfika magotini, hakulia hata kidogo. Nilidhani ni nidhamu, kumbe hana pumzi ya kulilia.

Nakuandikia wewe, siwaandikii waganga, kwa sababu nimeona ofisi yako ndiyo inayojua tarehe. Daktari anasema mtoto afanyiwe upasuaji mapema, nanyi mnasema mgeni rasmi ana nafasi mwezi wa tisa.

Tatizo, ndugu Mkurugenzi, ni moyo wenyewe. Ni mtovu wa nidhamu. Tundu kubwa kati ya vyumba vyake viwili vya chini humwaga damu nyingi mapafuni usiku na mchana, Idi na Krismasi, hata siku ya mapumziko ya kitaifa. Mishipa ya mapafu inaelemewa, inakakamaa, presha yake inapanda. Ikifika kiwango fulani hairudi tena, na daktari ambaye angeliziba tundu hilo bila shida anaweka kisu chini, kwa kuwa kuliziba sasa ni kumuua mgonjwa. Mtoto hajafanya kosa lolote. Alikuwa anasubiri zamu. Naomba basi utoe waraka wenye muhuri, mapafu ya watoto yaagizwe kungoja mwaka mpya wa fedha.

Waraka huo uwaguse na wale wanaogeuka bluu. Shuleni utamtambua mmoja wao kirahisi: anakimbia hatua chache nyuma ya mpira, anachuchumaa, magoti kifuani. Wenzake wanadhani ameangusha kitu. Mkao huo hakufundishwa na mtu, mwili wake umeugundua wenyewe, maana akikunja miguu damu kidogo zaidi inapata njia ya kwenda mapafuni. Midomo na ulimi vina rangi ya aliyetoka kula zambarau, na mwalimu anamuuliza amezitoa wapi, ilhali msimu wake umeshapita. Watoto wa namna hiyo walianza kufanyiwa upasuaji kule Baltimore mwaka 1944. Kwa hiyo tusiseme ni mambo mapya, bado tunayafanyia upembuzi yakinifu.

Tumrudie yule mtoto wa tundu: kabla hajafika kwa bingwa, ana historia. Alipokuwa mchanga alinyonya huku kijasho kinamtoka kichwani. Wakasema nimonia, akapewa dawa ya maji. Wakasema nimonia tena. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ukalala chali, nesi akamgombeza mama kwamba hajui kulisha. Majirani wao walikuwa na jibu fupi zaidi: amebemendwa. Baba akaanza kumtazama mkewe kwa jicho jingine. Kumbe kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, kinachobanwa mkononi na mguuni mwa mtoto kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodi ya wazazi, kingeweza kuwashtua mapema kwa baadhi ya magonjwa haya, na stethoskopu ya mtu asiye na haraka ingeyanasa mengine. Lakini nakubali, kifaa hicho ni kidogo mno. Hakitoshi kuandikwa jina la mfadhili.

Usinione sina shukrani. Muhimbili walianza upasuaji wa moyo mwaka 2008, na tangu 2015 Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Watoto waliokuwa wakipandishwa ndege kwenda India sasa wengi wanatibiwa hapa hapa, na zikija kambi za madaktari wageni, wetu wanasimama nao bega kwa bega hadi usiku. Hao sina neno nao. Ila karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo, na nchi hii inapata watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Toa wale ambao tundu lao ni dogo na litajifunga lenyewe. Waliobaki hawaenei kwenye picha ya pamoja.

Kisha wapo waliozaliwa wazima. Hao waliugua mafindofindo yasiyotibiwa, ikafuata homa, viungo vikavimba, na valvu za moyo zikaharibika. Kuhusu hawa tumejitahidi sana kukutana. Mwaka 2005 lilitolewa tamko kwenye milima ya Drakensberg. Mwaka 2014 ukatolewa wito wa Mosi-o-Tunya, jirani na maporomoko ya maji. Mwaka 2015 ikawa Addis Ababa, na 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio lake Geneva. Mandhari zote nzuri. Bakteria wa mafindofindo, kwa bahati mbaya, hawakualikwa, wala hawajasoma maazimio. Wanachokiogopa ni penisilini. Mtoto ambaye moyo wake umeshaguswa anahitaji sindano ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Ni dawa ya zamani, inauma sana ikichomwa, na haina bei ya kutisha. Mama anatembea nayo akilini tangu alfajiri, anafika zahanati dirisha la dawa linafunguliwa nusu: imeisha, jaribu wiki ijayo.

Kama waraka kwa mapafu utashindikana, basi naomba hafla moja tu ya kukabidhi boksi la sindano hizo. Najua halipigiki picha vizuri. Mnaweza kulichapa kwenye ubao mkubwa.

Naomba majibu ndani ya wiki nne. Hiyo ndiyo nafasi iliyopo kati ya sindano moja na nyingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi

Nakala: Mganga Mfawidhi wa Zahanati (kwa taarifa tu, gari la kumpelekea halijapata mafuta).