Mshika Usukani wa Volti 12

Julai 1895 Mmarekani Joshua Slocum aliondoka visiwa vya Azores peke yake ndani ya mashua yake, Spray. Njiani akala plamu na jibini nyeupe aliyopewa zawadi. Usiku ukamkuta amelala sakafuni, anajinyonganyonga kwa msokoto wa tumbo, na nje bahari imechafuka. Alipochungulia akaona mtu mrefu mwenye kofia nyekundu ameshika usukani. Mgeni alijitambulisha kuwa ni rubani wa Pinta, mojawapo ya merikebu za Columbus, akamwambia chombo kiko salama, kisha akamkanya asichanganye tena jibini na plamu. Kulipokucha Slocum alipiga hesabu: Spray ilikuwa imekwenda maili 90 bila kuacha njia.

Tangu hapo wanamaji wa matanga wamekuwa wakimtafuta rubani wa aina ile: hali, halali, na hadai mshahara.

Slocum mwenyewe hakumhitaji sana. Spray ilikuwa nzito na tulivu. Akiufunga usukani, ilishika njia yenyewe. Mwaka 1897 aliivusha kutoka mlango-bahari wa Torres hadi visiwa vya Cocos Keeling kwa siku 23, na kwa maelezo yake hakushika usukani zaidi ya saa 3, ukijumlisha zote. Mwaka 1960 Mwingereza Francis Chichester alishinda shindano la kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, siku 40 baharini, akisaidiwa na bawa la upepo lililofungwa nyuma ya mashua. Bawa hilo alilipa jina la Miranda.

Mwenye katamarani hana bahati hiyo. Chombo chake ni mashua mbili nyembamba zilizounganishwa kwa sakafu moja. Ni chepesi, na upepo ukikaza kidogo tu kinafyatuka; bawa la upepo linabaki linashangaa. Ndiyo maana hununua otopailoti: dira ya kielektroniki, kompyuta ndogo, na mota au pampu ya haidroliki ya kusukuma usukani.

Kompyuta hiyo inafanya kazi ambayo nadharia yake ina zaidi ya karne. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, alichapisha uchambuzi wa jinsi mshika usukani mzoefu anavyofikiri: huangalia chombo kimepotoka kiasi gani, kinapotoka kwa kasi gani, na kimekuwa kikipotoka kwa muda gani. Mtambo wake ukajaribiwa kwenye manowari New Mexico ya jeshi la maji la Marekani. Ulifanya kazi vizuri, lakini mabaharia hawakuutaka, na jeshi likauacha. Mambo yale matatu ya Minorsky leo yamo kwenye menyu za otopailoti nyingi, na ndiyo mwenye chombo huyachezea saa nane usiku, tochi mdomoni, akitafuta kwa nini katamarani yake inakwenda upogo.

Mara nyingi jibu liko dukani, siku ya kununua. Fomu inauliza uzito wa chombo. Mwenye katamarani ya mita 12 huchukua kijitabu cha kiwanda na kunakili uzito wa chombo kitupu, tani 10 au 11. Uzito huo ni wa katamarani iliyotoka kiwandani juzi, isiyo na maji, dizeli, nanga ya akiba, mashine ya kufulia, jiko la kuchomea nyama, wala mitungi ya kuzamia. Wataalamu hushauri kuhesabu chombo kikiwa na shehena yake yote, yaani kuongeza kama asilimia 20, kisha kuchagua mtambo unaozidi hapo. Lakini mtambo unaozidi hapo una bei inayozidi hapo pia. Basi mnunuzi hurudi nyuma kwenye katalogi hadi kwenye kile kimota cha mkanda kinachofungwa kwenye gurudumu la usukani. Kimota hicho kimetengenezwa kwa vyombo visivyozidi tani 7 na nusu, ila kwenye picha kinapendeza sana.

Bandarini kimota hufanya kazi bila lawama. Baharini, mawimbi yakija kwa nyuma, huanza kulia.

Aliyenunua mtambo wa kutosha naye hukutana na fundi. Fundi mzuri huuunganisha moja kwa moja na mkono wa usukani, huko nyuma, ili waya wa gurudumu ukikatika otopailoti iendelee kuongoza. Ushauri huo ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba kwenye katamarani nyingi sukani zote mbili ziko chini ya vitanda vya vyumba vya nyuma, na mgeni aliyealikwa kwa safari ya mapumziko atasikia mota chini ya mto wake kila baada ya sekunde chache, usiku kucha.

Kisha dira. Inataka kukaa mbali na chuma, spika na nyaya zenye umeme mwingi, karibu na katikati ya chombo. Fundi huifunga ndani ya kabati moja pweke, kila kitu kikawa shwari. Mwezi mmoja baadaye mtu mwingine hugundua kuwa kabati lile ni tupu, na kwamba linaenea barabara makopo ya dengu na sanduku la spana. Hakuna anayeambiwa. Katamarani huanza kuelekea mahali ambapo hakuna mtu aliyepanga kwenda, na kadiri dengu zinavyoliwa, hitilafu inapungua.

Dira husawazishwa kwa kuzungusha chombo polepole kwenye maji matulivu. Maelekezo ya mitambo mingi ya zamani yanataka mzunguko mmoja usipungue dakika 2, na mizunguko miwili au zaidi. Mkengeuko ukizidi nyuzi 15, dira ihamishwe. Wavuvi wanaotazama toka gatini huona chombo cha gharama kubwa kikizunguka palepale, na nahodha amekodolea macho skrini kwa heshima zote. Hatua inayofuata ni kali zaidi: mtambo unajifunza tabia ya chombo kwa kukipeleka kushoto na kulia wenyewe, kwa nguvu, bila kuaga. Kitabu kinaonya kwamba panatakiwa eneo pana la bahari. Hakisemi lolote juu ya aliyesimama jikoni na birika la chai.

Yote yakipita salama, kunabaki kuchagua namna ya kuongozwa. Ukiiambia otopailoti ifuate dira, inafuata dira. Ukiiambia ifuate upepo, inaufuata popote: upepo ukigeuka nyuzi 30 watu wamelala, baada ya maili 60 chombo kiko maili 30 nje ya mstari, tanga limejaa vizuri, na kila mtu amepumzika.

Katamarani ina kituko chake zaidi ya hapo. Tuseme upepo wa noti 20 unavuma toka nyuma kidogo, nyuzi 120 kutoka omo. Chombo kikienda noti 8, upepo unaosikika sitahani unatoka nyuzi 97. Kikiteleza juu ya wimbi na kufika noti 14, upepo uleule unasikika toka nyuzi 77. Otopailoti huamini kwamba upepo umegeuka, hugeuza chombo. Mwendo unapungua, upepo unarudi nyuma, nayo inageuza tena. Mitambo mipya hukokotoa upepo halisi kwanza. Ile ya zamani huchora nyoka hadi mtu aamke.

Ukiiambia ifuate nukta ya GPS, utii wake ndio wa kutisha. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na kosa la kama mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Nahodha aliyeweka nukta yake juu ya boya alilikosa boya kwa rehema ya jeshi la Marekani. Siku hizi atalipata.

Otopailoti haina macho, na sheria inajua hilo: kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, inataka kila chombo kiwe na mwangalizi wakati wote. Umeme nao una kikomo. Mtambo unaokula wastani wa ampea 5 humaliza ampea-saa 120 kwa siku nzima, na friji iko kwenye betri zilezile. Usiku wa mawingu mtu anapaswa kuamua kati ya usukani na nyama.

Kila Novemba, tangu 1986, msafara wa mashua huondoka Las Palmas kuvuka Atlantiki, na sasa huishia Saint Lucia, umbali wa maili zipatazo 2,700. Otopailoti ikifa katikati, watu wanne hugawana zamu za saa mbili mbili, mchana na usiku, na ndani ya siku tatu hakuna anayemsalimia mwenzake. Kwa hiyo waliokwisha kuvuka hubeba mota ya pili. Ni nzito, haitakiwi kuloa, na haitakiwi kugongwa, basi hupewa kitanda kizuri cha pembeni, mbali na kelele. Mgeni analala sebuleni.